Mkwe Hewa

Filamu ile ilipoanza kuonyeshwa mjini, hakuna aliyeipigia debe kama fundi wa miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mikono isiyotetemeka. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta ya kioo katika duka la miwani, kusaga lenzi, kukaza skrubu ndogo kama chawa, na kupasha moto mikono ya fremu mpaka ikubali kukaa vizuri nyuma ya masikio ya mtu. Kwa kawaida hakuwa msemaji. Lakini siku zile ulimi wake ulikuwa umefunguliwa kamba. Kila mteja aliyeketi mbele yake aliulizwa swali kabla hata hajaeleza shida iliyomleta.

"Umeshaiona ile filamu mpya ya mapenzi, ile ya kuchekesha? Ameiandika mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja."

Aliyesema bado alihimizwa aende kabla haijaondolewa. Aliyesema ndiyo hakuachiwa kiti mpaka atoe maoni yake. Muuza vitambaa mmoja alisema alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, na aliyekuwa nyuma yake akakikanyaga wala hakujali. Dereva wa lori alisema mapenzi ya kwenye filamu ni ya kwenye filamu, ila mkewe alimshika mkono njia nzima wakati wa kurudi nyumbani, kwa hiyo yeye hana malalamiko. Mwalimu mstaafu, mwenye lenzi nene kama vitako vya chupa, alikunja uso.

"Kitabu kile ni cha heshima," alisema. "Wao wamekivalisha kaptura."

Maoni yote hayo fundi aliyapeleka kwa mdogo wake kila jioni, akijirekodi kwenye simu huku anasubiri maji yachemke. Ya mwalimu aliyasindikiza na maneno yake mwenyewe: "Huyo usimjali. Miwani yake ilikuwa imepinda. Nimeinyoosha, akirudi kuiangalia filamu ataona mambo mengine."

Mdogo mtu alimjibu kwa michoro ya vicheko na mioyo. Maneno yalikuwa machache, na hilo lilikuwa jambo geni, maana nyumbani aliitwa Chiriku. Alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakuwa ametua. Mama yao alipofariki, Chiriku alikuwa bado anang'oka meno ya utotoni, na dada ndiye aliyeshika nafasi. Alimsuka, alimfulia sare, na usiku alimsikiliza hadithi zake zisizo na mwisho mpaka usingizi ukamchukua msikilizaji kabla ya msemaji. Kwa hiyo Chiriku alipokuja kuwa mwandishi wa filamu, dada hakushangaa. Alijua tu kwamba sasa wamepatikana wengine wa kumsikiliza.

Na filamu hii ilimgusa dada kwa namna yake, kwa sababu ilitokana na kitabu walichokua nacho. Kilikuwa kitabu cha kale, cha dada wawili, kilichosomwa shuleni na vizazi na vizazi. Watu hukianza kwa kulazimishwa na hukirudia kwa mapenzi. Dada mdogo katika kitabu hicho ana ulimi wa wembe na anawakataa wachumba wote, mpaka anakutana na mmoja anayemrudishia neno kwa neno. Dada mkubwa amechumbiwa na msafiri ambaye harudi, naye anaendelea kumtumikia mama wa mchumba wake kama mkwe halali, mpaka bibi yule anakufa mikononi mwake. Mtunzi alimpa huyo mkubwa kurasa chache tu, lakini katika kurasa hizo hakuna mtu anayemcheka.

Baba yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiwasomea kitabu hicho sebuleni kwa sauti. Akifika kwenye kurasa hizo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, kisha akamsogezea binti yake mkubwa kitabu. "Endelea wewe, mama. Macho yangu yamechoka." Macho hayakuwa yamechoka, na mabinti wote wawili walilijua hilo.

Usiku wa kwanza wa filamu dada hakwenda. Chiriku mwenyewe ndiye aliyemzuia. "Dada, kutakuwa na kelele, wapiga picha, watu wanasukumana. Ya nini ujichoshe? Nitakuja nayo nyumbani tuiangalie sisi wawili, kwa nafasi." Dada aliona ni upendo, akatulia. Akabaki kuishi kwa maoni ya wateja, kama mtu anayenusa chakula cha jirani huku akijua sahani yake inakuja.

Mchana mmoja waliingia wauguzi wawili, bado wamevaa sare, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Yule mrefu alikuwa ameikalia miwani yake kwenye kochi. Fundi aliipokea, akailaza juu ya kitambaa, akachukua bisibisi yake ndogo na kuuliza swali lake.

"Tumeiona jana!" alidakia mfupi. "Kumbe mwandishi ni mdogo wako? Ana kichwa huyo! Ila nikwambie ukweli, mimi wale wapenzi wawili wala sikuwajali. Mimi nilikuwa na Mkwe Hewa wangu."

"Mkwe Hewa ndiye nani?"

"Wewe hujaiona?"

"Bado. Ataniletea nyumbani."

"Basi hujui raha. Ni yule dada mkubwa. Mchumba wake kaenda ng'ambo, kapotea jumla, hapigi simu, hatumi salamu. Lakini dada kila siku kiguu na njia kwa mama wa mchumba! Anafua, anapika, anakanda miguu. Mkwe wa nani? Mkwe wa hewa!"

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka. Fundi naye akatabasamu. Alijua dada wa namna hiyo yumo kitabuni, akafikiri ndiye huyo, ameongezewa chumvi kidogo.

"Bado hujafika penyewe," alisema mrefu. "Mama wa watu haoni vizuri, masikio nayo mazito, kutwa ni mwanangu hajapiga, mwanangu hajapiga. Sasa Mkwe Hewa anafanyaje? Anajifungia bafuni—"

Mfupi alikuwa ameshainuka. Aliinyakua ndoo ya usafi iliyokuwa karibu na mlango, akaingiza uso ndani yake, na kwa sauti nzito ya kiume, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, akasema: "Haloo, mama! Ni mimi mwanao! Huku baridi kali, mama, lakini nakula vizuri!"

Duka zima lilipasuka kwa kicheko. Hata mpokezi, binti aliyekaa mezani karibu na mlango, alilaza kichwa juu ya kitabu cha miadi akatetemeka mabega. Bisibisi ikateleza mkononi mwa fundi, ikachora mstari mrefu katikati ya lenzi.

"Samahani," alisema. "Nimeikwaruza. Nitakuwekea nyingine." Na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Maana mtu wa ndoo alikuwa yeye.

Alipokuwa msichana alichumbiwa na fundi umeme, kijana mcheshi wa mtaa wa pili, ambaye baada ya posa kupokelewa alipata kazi ng'ambo. Aliahidi kurudi kufunga ndoa. Mwanzoni alipiga simu mara kwa mara, kisha mara moja moja, kisha namba yake ikawa haipatikani. Wenzake walimwambia aachane naye, na huenda angeachana naye. Lakini kijana alikuwa amemwacha mama yake peke yake, mjane, macho yanafifia kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho na masikio yanamkimbia, na binti alikuwa ameshazoea kumwita mama. Yeye mwenyewe hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Mchumba unaweza kumwacha. Mama unamwachaje?

Jumapili moja mama mkwe alikataa chakula. "Mwanangu amekufa nanyi mnanificha," alisema, akageukia ukutani. Binti alitoka, akajifungia bafuni, akachukua simu yake akaipigia ile iliyokuwa kando ya mto wa mama mkwe. Aliinamia ndoo tupu ili sauti yake iwe nzito na isikike inatoka mbali, akasema haloo mama, ni mimi mwanao, huku baridi kali lakini nakula vizuri. Aliporudi chumbani alimkuta bibi ameketi. Siku hiyo alikula, akaomba na kuongezewa. Uongo wa kwanza ulikuwa dawa. Uliofuata ukawa dozi, na dozi haikatizwi katikati. Kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, mwana alipiga simu kutoka bafuni.

Bibi alipofariki, mwana alikuja kuzika. Alikuja na mke na mtoto. Alimshika fundi mkono mbele ya watu akasema, "Asante, dada, kwa kumwangalia mama." Dada! Siku ile ile fundi alikwenda kwa Chiriku, akajitupa kitandani na kumsimulia yote, mpaka ndoo. Walilia, wakacheka, wakalia tena, wamekumbatiana kama wakati ule mama yao alipoondoka. Hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa.

Kesho yake baada ya wale wauguzi kuja dukani, fundi aliomba ruhusa kazini, akaenda ukumbini peke yake, onyesho la mchana. Alikaa safu ya pembeni. Mbele yake walikaa mume na mke wakila bisi kutoka mfuko mmoja.

Mwigizaji alikuwa hodari, lazima aseme ukweli. Alikuwa na mwendo ule ule wa fundi, wa haraka, shingo imetangulia kama anayewahi mvua. Alifunga leso kwenye kifundo cha mkono, kama yeye. Na ile sauti ya ndoo ilipotoka, ukumbi wote ulilipuka. Watu walipiga mapaja, wengine walisimama. Fundi alihisi mdomo wake mwenyewe ukifunguka. Ilikuwa inachekesha. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote: ilikuwa inachekesha kweli, na alikaribia kucheka pamoja nao, kabla hajakumbuka jinsi sakafu ya bafuni ile ilivyokuwa ya baridi, na jinsi alivyoibana pua ili bibi asisikie kwamba mwanawe analia.

Aliingoja sehemu ya kitabu. Aliwaza labda mwishoni, bibi anapokufa, wataziweka zile kurasa ambazo baba alishindwa kuzisoma. Hazikuwemo. Mchumba alirudi na mke, Mkwe Hewa akamkimbilia na shada la maua, akateleza, akaangukia kwenye sufuria ya wali. Na kwa kuwa ni hadithi ya kufurahisha, wakamwoza mwisho kwa mwanamume aliyekuwa akimuuzia ndoo.

Taa zilipowashwa, yule mume wa mbele alikuwa anafuta macho. "Lakini hivi, wapo watu wa namna ile?"

"Wapi!" alijibu mkewe, akikung'uta bisi kwenye gauni. "Hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Hizo ni chumvi za filamu."

Kutoka ukumbini alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku. Sebule ilikuwa imejaa maua ya hongera, mengine yameanza kunyauka kwenye chupa za maji. Simu ilikuwa juu ya meza, inatetema kila baada ya kitambo kidogo kwa maoni mapya ya watazamaji. Chiriku alimwona dada yake mlangoni, akajua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuanza yeye kuongea.

"Nimetoka kuiona," alisema dada.

"Dada, nilikuwa nakuja. Nilitaka nikueleze kwanza."

"Nieleze."

"Kaa basi."

"Nimekaa saa nzima na nusu nikichekwa. Nieleze nimesimama."

Chiriku aliishika simu kama mtu anayetafuta mahali pa kushika. "Wanakupenda. Wallahi tena. Sikiliza, huyu anasema, 'Mkwe Hewa apewe filamu yake mwenyewe.' Huyu hapa: 'Nilienda kwa ajili ya mapenzi, nikarudi na Mkwe Hewa.' Huyu mwingine—"

"Weka hiyo simu chini."

Akaiweka.

"Mara ya kwanza niliandika ilivyokuwa," alisema Chiriku, na sasa maneno yakaanza kutoka kwa kasi yake ya siku zote. "Niliandika nikilia. Watayarishaji wakasema hapana, watu hawatoki majumbani kwao kuja kuhuzunika, ama nimpunguze huyo dada au nimfanye wa kuchekesha. Nilikuwa na njia mbili tu, kukufuta au kukuchekesha. Nikufute vipi? Na kwenye kitabu, dada, yule anaishia wapi? Anaishia hana kitu! Mimi angalau nimempa mume."

"Umenipa muuza ndoo."

Chiriku aliuma midomo. Alikuwa karibu kucheka, si kwa ubaya, ni mazoea tu ya nyumbani kwao. Dada aliliona tabasamu lile likizaliwa na kunyongwa, na ndani yake kitu kikakatika.

"Hukuniomba," alisema.

"Ningekuomba ungekataa."

"Ndiyo maana watu huomba."

Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, inakataa, anaipiga teke tena.

"Ulicheka na wewe," Chiriku alisema, taratibu. "Siku ile uliponiambia. Tulicheka wote."

"Nilicheka na wewe. Sikukupa nikisema kagawe." Akautengeneza mkoba begani. "Baba alikuwa haziwezi zile kurasa. Zilikuwa hazimchekeshi. Maisha yangu yalipoharibika nilijiambia, basi, angalau mimi ni wa zile kurasa. Baba angevua miwani. Sasa hivi mtoto akikisoma kitabu, akifika pale, atatafuta ndoo."

Chiriku alianza kulia. Dada alimtazama. Tangu yule mtoto anang'oka meno, hakukuwa na chozi lake ambalo dada hakulifuta. Alifungua mlango akaondoka.

Siku zilizofuata neno lilitoka ukumbini likaingia mitaani. Alilisikia kwenye foleni ya mkate: mama akimwonya binti yake asiwe Mkwe Hewa. Alilisikia kwa mpokezi, akimshauri mwenzake kwenye simu: "Shoga, acha ukwe hewa, futa namba yake, lala." Hakuwa na ubaya, yule binti, alikuwa ndiye anayemletea fundi chai kila asubuhi. Fundi aliacha kuwauliza wateja maoni yao. Waliojitolea wenyewe kuyasema aliwaitikia kwa kichwa, akawasha mashine ya kusaga lenzi, na mashine ile ina kelele ya kutosha. Yule mwalimu mstaafu alirudi kuchukua mfuko wa miwani aliousahau, akatamani kuuendeleza mjadala wake wa kitabu na kaptura. Fundi alimwangalia kwa macho mapya. "Mwalimu," alisema, "miwani yako haikuwa na kosa." Mzee hakuelewa, lakini alifurahi kukubaliwa.

Kisha ikaja ile simu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mpokezi ametoka, duka tupu. Namba ilikuwa ngeni, ya nje.

"Ni mimi," ilisema sauti.

Aliijua kabla haijamaliza kusema. Angekosaje kuijua? Aliiigiza kwa miaka.

"Nasikia," alisema.

"Hujambo, dada."

"Sijambo."

Yule aliyekuwa mchumba wake alikohoa. Alisema kwamba mkewe aliipata filamu ile kwenye mtandao, wakaiangalia na majirani. Kwamba walicheka. Kwamba katikati ya kicheko yeye aliinuka akaenda jikoni, akasimama pale bila kujua amefuata nini. "Nimejaribu kukupigia siku nyingi tangu msiba, sikuwa na uso. Sasa nilipoona mmeweza kulifanyia mzaha, nikasema alhamdulillahi, labda amenisamehe. Anayecheka si amesamehe?"

"Mimi sikucheka. Aliyeandika si mimi."

"Aa. Lakini ya simu ni kweli?"

Fundi aliiweka bisibisi chini.

"Kwa sababu pale msibani watu walikuwa wananishika mikono wananisifu. Mwana mwema, hukukosa Jumapili hata moja, mama alikuwa anatuhadithia. Nilidhani ni mafumbo. Nilidhani wananisuta. Nikainamisha kichwa nikayapokea." Sauti yake ilianza kupasuka. "Kumbe walikuwa wanasema kweli. Kumbe nilikuwa napiga."

"Ulikuwa unapiga," alisema fundi.

"Alikuwa ananiambia nini?"

Fundi aliketi kwenye kiti cha wateja. Kioo kidogo cha kaunta, kile ambacho watu hujitazamia fremu, kilimrudishia uso wake, na alikigeuzia pembeni.

Bibi alikuwa akisema mengi. Kula vizuri, mwanangu. Vaa soksi. Paa linavuja upande wa jikoni ila usihangaike, tumeweka beseni. Na Jumapili ya mwisho, akiwa ameshachoka hata kuishika simu, alisema jambo ambalo fundi hakumwambia mtu yeyote, hata Chiriku siku ile kitandani. Lilimkaa kooni akalibakiza. Bibi alikuwa amesikiliza ile sauti ya ndani ya ndoo mpaka mwisho, kisha akasema polepole, kwa uchovu na kwa upendo: "Haya, mwanangu. Sasa mwambie huyo binti apumzishe koo lake. Amefanya kazi kubwa. Mwambie mama yake alikuwa anajua."

"Tafadhali," alisema mwanamume. "Hata neno moja. Alisema nini?"

Alimwonea huruma, hilo hatalikana. Huruma ilimjia yote, kama zamani, mpaka kwenye ncha ya ulimi. Ingekuwa rahisi. Alishazoea kumpa bibi maneno ambayo mwana hakuyasema. Angeshindwaje kumpa mwana maneno ambayo bibi aliyasema?

"Aliyoyasema," alisema mwishowe, "alimwambia aliyempigia."

Alisikia pumzi upande wa pili, kisha mlio wa mtu mzima anayelia akiwa ameziba mdomo. Alingoja kidogo, kwa adabu. "Wasalimie nyumbani," akasema, na akakata.

Mpokezi aliporudi alimkuta chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya fremu, amekaa sakafuni, leso yote imelowa. Binti aliogopa. "Fundi, nani amefariki?"

"Mama," alisema fundi. "Mama mkwe."

"Jamani, pole! Lini?"

"Zamani."

Mpokezi alimtazama, akaitazama simu iliyokuwa sakafuni, akaitazama leso iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono. Labda alielewa, labda hakuelewa. Alichuchumaa pale pale kwenye vumbi na sketi yake nyeupe, akamshika bega. Na tangu siku ile fundi hakulisikia tena lile jina mdomoni mwake.

Filamu iliondolewa ukumbini, zikaja nyingine. Chiriku aliomba radhi kwa simu, kisha kwa kupitia shangazi, kisha akaja mwenyewe, akapiga magoti mlangoni kama walivyofundishwa na baba. Dada alimwinua. Mtoto uliyemlea huna pa kumrudisha. Alimsamehe, na hakumsamehe kwa maneno tu. Alimpikia, akamsuka nywele, akamkemea kwa kukonda.

Siku hizi Chiriku huja mara nyingi kuliko zamani. Hukaa jikoni, miguu juu ya kigoda, anasimulia habari za waigizaji, za filamu nyingine inayotokana na kitabu kingine, za mwanamume fulani anayemfuatafuata. Dada husikiliza, huuliza panapofaa kuulizwa, hucheka panapochekesha. Kisha Chiriku humtazama na kusema, "Na wewe, dada? Niambie na ya kwako."

"Ya kwangu mazuri."

"Mazuri tu?"

"Bomba la nyuma lilikuwa linavuja, wamelitengeneza. Na dukani tumeletewa mashine mpya."

Chiriku hungoja kidogo, ameegemeza kidevu mkononi, macho yake makubwa yakiwa wazi kama alipokuwa mdogo. Dada huinuka na kukusanya vikombe. Huviosha taratibu, kimoja kimoja, amempa mgongo, mpaka mdogo wake aage.